Mti Ni Hati

Marehemu Mzee Badawi hakuacha wosia mrefu. Kuna watu hufa wakaacha karatasi za kutosha kufungia maandazi ya mtaa mzima, yeye aliacha ekari tatu za Mwakirunge, sanduku la mbao lenye hati ya ekari hizo, na maneno saba aliyomwambia bintiye Ruwaida, sauti ikiwa imekwisha lakini kidole bado kinanyooka: "Mpangaji asipande mti. Mti ni hati, mwanangu."

Kidole kile kilikuwa na sababu ya kunyooka. Zamani Mzee Badawi alikuwa na shamba jingine, ng'ambo ya Likoni, si mbali na Shelly Beach. Alimwachia bwana mmoja alime mihogo. Yule bwana akaomba apande minazi mitano, ya kivuli tu, ya kupumzishia mgongo. Nani atamnyima mwenziwe kivuli? Sasa, pwani hii yetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na mwenye mti hang'oki kirahisi. Mitano ikawa hamsini. Mzee aliporudi kudai shamba lake, kesi ikamla miaka kumi na tisa na afya yake yote, na mwisho akatoka na kipande cha kuweka banda la kuku. Tangu siku hiyo, hata mche wa mpapai uliojiotea wenyewe uani aliutazama kwa jicho baya.

Bi Ruwaida aliurithi woga ule pamoja na ardhi. Nadhani aliurithi woga kwanza.

Tuseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, maana hadithi hii haitamtendea wema. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mtu wa Kisauni, na duka la vitambaa aliloachiwa na mumewe lilikuwa sasa mikononi mwa Ihsan, mtoto wa kakake. Mlangoni kwake hapakuwa na aliyeondoka na njaa. Alikuwa mkarimu wa chakula na mchoyo wa imani, na watu wa namna hiyo wamejaa tele, pengine hata wewe unayesoma ni mmoja wao.

Miaka mitano nyuma alifikiwa na mwanamke kutoka bara, mtu wa Vihiga, aitwaye Rispa. Mumewe, Kefa, alikuwa bawabu wa kiwanda kule Changamwe, na walikuwa wamepanga chumba Mwakirunge pamoja na binti yao Lynnette. Rispa alikuwa ameliona shamba la Bi Ruwaida limekaa bure, akauliza ni la nani, akaja.

"Nataka kulima, Mama," alisema. "Niko na mikono tu."

Bi Ruwaida alimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya kazi kweli. Akamwambia kodi ya pesa haitaki. Alete pakacha moja la mboga kila Ijumaa asubuhi, basi. "Lakini sharti langu ni moja. Mchicha panda, mahindi panda, maboga panda. Mti, hapana. Hata mmoja."

"Sawa, Mama," alisema Rispa, na wakapeana mikono.

Si shamba la kumpa mtu unayempenda. Lilikuwa limelimwa mahindi mwaka nenda mwaka rudi bila kurudishiwa hata jani, mpaka likachoka. Lilikaa kwenye mteremko. Juu udongo ulikuwa mwembamba, katikati mawe yalianza kuchungulia, na chini kabisa mteremko uliishia kwenye timbo la zamani, shimo kubwa walimochimba mawe ya kujengea, wakajenga mji, wakaliacha wazi. Mwaka wa kwanza mchicha wa Rispa ulitoka mwekundu na mfupi, na pakacha la Ijumaa lilikuja nusu. Bi Ruwaida akalipokea kwa adabu, akawapa kuku.

Hapo ndipo Rispa alipoanza vituko vyake. Kila asubuhi alikwenda soko la Kongowea, si kununua, kuokota. Majani ya kabichi, maganda ya ndizi, maembe yaliyooza, vyote akavijaza kwenye magunia na kuyapandisha kwenye tuktuk ya jirani. Akaomba samadi ya kuku kwa wafugaji wa Frere Town. Akalundika biwi refu, akaligeuzageuza na kulimwagia maji mpaka likawa mboji, nyeusi, isiyonuka. Watu wa Mwakirunge walicheka mpaka wakashika mbavu. Huku jaa la mji mzima liko hapa hapa, malori yanaleta taka mchana kutwa, na bibi huyu anazifuata za kwake sokoni!

"Za jaa zina plastiki na betri," aliwajibu. "Mimi nataka taka inayojua kuoza."

Hakuchoma majani hata siku moja. Aliyatandaza juu ya udongo, akisema udongo haulali uchi. Mkunde aliupanda chini ya mahindi, maboga akayaacha yatambae katikati, na kwenye mteremko akakata mistari ya majani ya mabingobingo kupunguza mbio za maji. Mwaka wa pili pakacha lilijaa. Mwaka wa tatu likaja na mnavu, kisamvu na bamia za kuvunjika kwa kidole. Mwaka wa nne Bi Ruwaida alikwenda mwenyewe kuangalia, na Rispa akamwambia, "Tia mkono, Mama." Akautia. Ukazama mpaka kifundoni, ndani ya udongo baridi, mweusi, wenye nyungunyungu. Mwanamke mzima akacheka kama mtoto. Hakuwahi kujua kwamba ardhi ya babake inaweza kuwa laini.

Na hapa lazima niwataje watoto, maana wao ndio waliokula. Kisauni inajaa. Kila uwanja tuliochezea sasa una ghorofa, na kila ghorofa ina vyumba, na kila chumba kina midomo mitano ya kulishwa, ilhali mboga zinakuja kwa lori kutoka bara, na lori likikwama njiani sukuma wiki inakuwa kitu cha kuuliziwa hali. Mishi, jirani wa Bi Ruwaida, alikuwa na chekechea ya watoto sitini na wawili. Siku tatu kwa wiki aliwapikia mboga za Rispa, kwa bei isiyopanda malori yafike au yasifike. Baadhi ya watoto wale nyumbani kwao hawakuonja kitu cha kijani.

Ijumaa ilikuwa imekuwa sikukuu ndogo. Alfajiri, Bi Ruwaida akishamaliza kusali, alifungua mlango wa uani. Haikupita muda.

"Hodi, Mama."

"Karibu, Mama Lynnette. Ndoo ukae, chai tayari."

Wakakaa mkekani na mahamri. Mmoja Mwislamu wa Kisauni na darsa zake za dini, mwingine mlokole wa Vihiga mwenye nyimbo zake. Walizungumza magoti yanayouma, waume, bei ya unga. Mara moja Rispa alisema, akikoroga chai, "Watu wanazaliwa kila siku, Mama. Udongo hauzaliwi. Usipoulisha, siku moja utatufungia jiko." Bi Ruwaida aliyapenda maneno yale, akawa anayarudia kwa wageni kama yake.

Kisha ukaja mwezi wa tatu wa mwaka huu.

Mvua za vuli zilizotangulia zilikuwa zimepiga kwa nguvu isiyo ya kawaida, na Rispa aliona mfereji mwembamba umechimbika kutoka juu hadi timboni. Mabingobingo yalikuwa hayatoshi. Akaenda kuuliza kwa wakulima wenziwe upande wa Kilifi, wakamwonyesha mti wa mbolea: unakata kijiti, unakichomeka, kinachipua, mizizi yake inashika udongo, na majani unayakata kila mara ukayatandaza yawe mbolea. Ipande safu kwa safu kuukata mteremko, walimwambia, na uwahi kabla ya masika.

Alikuja kwa Bi Ruwaida Ijumaa iliyofuata. Bahati mbaya yake, au yetu sote, Ijumaa hiyo nyumba ilikuwa ya harusi. Lamis, dadake Ihsan, alikuwa anaolewa. Uani masufuria ya biriani, ndani wapambe na harufu ya udi, na Bi Ruwaida katikati na funguo kiunoni, akigombana na kila mtu kwa furaha. Rispa alitua pakacha lake kando, akasimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya kikoba alichokivaa begani.

"Mama, niko na neno moja la shamba. Ni neno la kukaa chini."

"Wiki iyayo, inshallah, Mama Lynnette. Leo hata siyui niko wapi! Umekula? Mpeni sahani."

Rispa alibaki amesimama kidogo, mkono ungali ndani ya kikoba. "Sawa, Mama," akasema, akala, akaenda.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mashemeji na kupeleka vyombo, na Rispa alipobisha aliambiwa Bi Ruwaida hayuko. Ya tatu yake hakuja yeye; alikuja Kefa na pakacha, akasema mkewe amefiwa na mamake, amekwenda kuzika, atakaa kama mwezi. Bi Ruwaida akatuma rambirambi. Lile neno la kukaa chini alikuwa amelisahau kabisa.

Lakini masika haingojei harusi ya mtu. Kabla hajapanda basi la kwao, Rispa alikuwa amevichomeka vijiti.

Ihsan ndiye aliyeviona. Alipita Mwakirunge kufuata mawe ya ukuta, akasimamisha gari, akapiga picha. "Shangazi," alisema jioni ile, akimnyooshea simu, "mgeni wako amepanda miti."

Kesho yake asubuhi Bi Ruwaida alikwenda mwenyewe. Havikuwa kimoja wala kumi. Vilikuwa mamia, virefu hadi kiunoni, na kila kijiti kimetoa vichipukizi vya kijani. Vimesimama safu kwa safu kutoka juu mpaka chini, vimenyooka kama watu wanaosali. Alimwona babake kitandani, kidole kimenyooka. Minazi mitano ya kivuli! Na huyu hakuomba hata hiyo mitano. Miaka minne ya mahamri, kumbe alikuwa analainishwa.

Alimpigia Rispa simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Kule kijijini, katikati ya matanga, simu ya Rispa haikuwa na chaji. Bi Ruwaida hakupiga mara ya tatu. Wala hakumpigia Kefa, ingawa namba yake alikuwa nayo. Alijisemea kwamba mambo ya shamba si ya Kefa. Siku hizi hukaa akaifikiria ile mara ya tatu. Ingemgharimu nini?

Alipita kwa Mishi kumweleza. Mishi, mkono kwenye sufuria ya chekechea, alimsikiliza hadi mwisho. "Mngoje arudi, dadangu. Mwezi si mwaka."

"Babangu alingoja," alisema Bi Ruwaida. "Na uliona kilompata."

Akamtafuta Lewa, kibarua wa Mwakirunge, Mgiriama mwenye umri wa kutosha kutoogopa kusema. Lewa alitembea kati ya safu, akavunja jani moja, akalinusa.

"Bi, mti huu si wa kudai. Wa kudai ni mnazi, mwembe, mkorosho. Huu ni wa kukatwakatwa kila mwezi. Hata mbuzi wangu wanaujua."

"Mti ni mti, Lewa."

"Na majani haya alotandaza?"

"Toa yote. Na hayo mabingobingo ng'oa, yanaficha. Nataka kuiona ardhi yangu."

Lewa alimtazama, akatazama juu mawingu, akafunga mdomo. Kibarua hulipwa kwa kung'oa, si kwa kushauri. Kwa siku mbili aling'oa vijiti, akachimbua mabingobingo, akakusanya matandazo ya miaka minne na kuyachoma. Bi Ruwaida alisimama pale juu siku ya pili, moshi ukimwingia machoni, akatazama mteremko mzima uko wazi, mweusi, safi, hauna unyasi. Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, sitamfichia. Aliona nyumba iliyofagiliwa.

Mvua ilianza Jumapili mchana, ikapiga siku tatu. Nyumbani kwake Kisauni Bi Ruwaida aliisikiza juu ya mabati, akamshukuru Mungu kwa ajili ya wakulima. Jumatano asubuhi Lewa alipiga simu. "Bi, uje," alisema, akakata.

Ihsan alimpeleka. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kana kwamba hapakutokea kitu. Alipofika pale juu alidhani wamekosea shamba. Mteremko ulikuwa mweupe. Mawe yaliyokuwa yakichungulia sasa yalikuwa yamekaa nje kitako, na kati yake makorongo ya kumfika mtu magotini, na humo ndani hamna kitu, changarawe. Akashuka taratibu, Ihsan amemshika mkono, mpaka ukingo wa timbo. Lewa alikuwa amesimama pale.

"Udongo wa Mama Lynnette ule kule," alisema, akionyesha kwa kidevu.

Chini kabisa ya shimo, mita nyingi, kulikuwa na bwawa la maji meusi. Maboga mawili yalielea juu yake.

"Hauwezi kurudishwa?" aliuliza Bi Ruwaida. Alijua ni swali la kijinga alipokuwa bado analiuliza.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Bi," alisema Lewa, kwa upole, na upole wake ulimuuma kuliko kama angemsimanga.

Rispa alirudi wiki mbili baadaye. Kefa alikwisha kumwambia kwa simu, kwa hiyo hakuja mbio. Bi Ruwaida alipata habari, akaenda kumkuta shambani, na njiani alikuwa amejipangia maneno: sharti lilikuwa moja, ulilijua, tulipeana mikono. Alimkuta amevua ndala, anashuka miguu mitupu juu ya mawe, anainama hapa na pale kama mtu aliyedondosha sindano. Chini ya jiwe moja alipata udongo wa kujaza kiganja. Aliusugua kwa kidole gumba, akaurudisha palepale, akaufunika.

Kisha akapanda, akamfikia mwenye shamba.

"Pole, Mama," alisema. "Pole sana na shamba."

Bi Ruwaida alikuja tayari kugombana, akapewa pole. Rispa akamuaga kwa mkono, akachukua jembe lake bandani, akaenda. Ijumaa ile pakacha halikuja, wala iliyofuata.

Sasa uone moyo wa binadamu unavyojitetea. Miezi mitano Bi Ruwaida alikuwa na neno moja tu mdomoni: angeniuliza. Alimwambia Ihsan, alimwambia Lamis, aliwaambia wanawake wa darsa. Miti mia ngapi, bila hata kuniuliza! Angeniuliza, ningemkatalia? Mimi mtu wa kukataa? Wengine waliitikia kwa kichwa. Alipomwambia Mishi kwa mara ya nne au ya tano, ilikuwa saa ya chakula cha chekechea. Watoto wamekaa chini na sahani za ugali na mchuzi wa maharage, chembe za kuhesabika. Mtoto mmoja wa kike alikuwa akiuliza mchicha uko wapi, na Mishi akimjibu kwamba mchicha umesafiri.

"Umetwambia sote," alisema Mishi, bila kugeuka. "Bado kumwambia mwenyewe."

Basi akavuka feri kwenda Likoni. Alikuwa amesikia Rispa anafanya kazi katika bustani ya hoteli moja upande wa Shelly Beach, na njiani hakutaka kutazama kule lilikokuwa shamba la babake. Alimkuta amevaa sare ya kijani, mpira wa maji mkononi, anamwagilia nyasi. Nyasi tu, za kutazamwa na wageni. Mtu aliyelisha watoto sitini na wawili kwa maganda ya ndizi.

"Shikamoo, Mama," alisema Rispa, na akafunga maji. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na hiyo nayo iliuma.

Wakakaa kwenye ngazi za stoo. Bi Ruwaida alikuwa amebeba mahamri kwenye kitambaa. Akayafungua, wakala.

"Nimekuya kukwambia urudi," alisema mwishowe. "Shamba ni lile. Taka za sokoni 'takupa gari la Ihsan libebe. Na miti panda, panda utakayo, hata minazi."

Rispa alitikisa kichwa polepole. "Niko na miaka arobaini na tisa, Mama. Ile udongo ilinichukua miaka minne na mgongo mzima. Na sasa si kuanza pale nilianza. Ni kuanza juu ya mawe." Akafuta makombo magotini. "Siwezi. Si hasira. Siwezi tu."

Hapo, na Mungu amsamehe, Bi Ruwaida hakuweza kujizuia. Lilikuwa ndilo tegemeo lake la mwisho, akalishika. "Lakini ungeniuliza, mwanangu. Neno moja tu. Ungeniuliza!"

Rispa alimtazama muda mrefu, si kwa ubaya; alimtazama kama mtu anayepima kama mgonjwa ataweza kumeza dawa. Kisha akaingia stoo, akatoka na kile kikoba chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zimeanza kuchakaa. Bi Ruwaida aliikunjua. Ulikuwa mwandiko wa Lynnette, wa duara, wa shule.

*Mimi Rispa, mpangaji wa Bi Ruwaida binti Badawi, naomba ruhusa ya kupanda miti ya kushika udongo katika shamba lake la Mwakirunge. Miti hii si ya kudai. Yote ni mali yake tangu siku ya kupandwa, na siku yoyote akitaka niondoke nitaondoka na jembe langu peke yake. Nimeweka sahihi mbele ya mume wangu Kefa.*

Chini palikuwa na sahihi mbili, na tarehe. Bi Ruwaida hakuhitaji kuhesabu. Ilikuwa Ijumaa ya harusi ya Lamis. Aliuona mkono ule ndani ya kikoba, mlangoni, kati ya masufuria ya biriani. Akasikia sauti yake mwenyewe, mpeni sahani.

"Kefa aliniambia watu wa pwani wanaogopa mti," alisema Rispa. "Nikasema basi, nitamwandikia, asiogope. Nilikuja mara mbili. Halafu mawingu yakawa yanakuja, na mimi naitwa nyumbani kuzika. Nikasema Mama ananijua. Nipande, nikirudi nitampa karatasi. Hapo nilikosa, Mama. Mimi pia nilikosa."

Bi Ruwaida alitaka kusema hukukosa wewe. Alitaka kusema mengi. Alilia, waziwazi, mtu mzima na buibui lake, mbele ya nyasi za wageni, na Rispa akamshika mkono kwa mkono uliolowa maji.

Alipoinuka kuondoka alimrudishia karatasi. Rispa akaikunja tena mara nne, akamtia mkononi.

"Hapana, Mama, chukua. Ni yako. Imeandikwa miti yote ni yako."

Hakusema kwa kejeli. Rispa hakuwa na kejeli.

Nyumbani Bi Ruwaida alilifungua sanduku la mbao. Hati ya ekari tatu ilikuwa pale pale, haina doa, na hakuna mpangaji, mahakama wala mti ulioweza tena kumnyang'anya. Akaiweka karatasi ya Rispa juu yake, akafunga. Siku ya pili alipita chekechea na kumwambia Mishi kwamba aliulizwa. Ni yeye ambaye hakukaa chini. Mishi akamvutia kiti.

Ijumaa aliamka alfajiri, akasali, akaweka chai motoni kwa vikombe viwili kama alivyozoea. Akafungua mlango wa uani. Alisimama pale mpaka chai ikachemka na kumwagika, kisha akarudi ndani kuzima jiko.